Mchikichi wa Kijitoni

Msimu wa kwanza Aikande alipoanza kuzunguka mashamba ya Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa mkoani Kigoma, watu walidhani ametumwa kuhesabu michikichi ili waje watozwe kodi. Alikuwa binti wa Kipare, mzaliwa wa Same, akisomea uzamivu wa biokemia Dar es Salaam. Kila mti aliofika aliufunga utepe wenye namba, akaupiga picha, kisha akamwomba Hamdani, mkwezi wa pale kijijini, apande amwangushie machikichi machache. Hamdani ndiye aliyewatoa watu wasiwasi.

"Huyu hana habari na kodi," aliwaambia. "Anatafuta kinachoharibu mawese."

Na kweli ndicho alichokuwa akitafuta. Ndani ya nyama ya chikichi mna protini moja ambayo kazi yake ni kuvunja mafuta. Tunda likiwa zima mtini, protini hiyo na mafuta hukaa mbalimbali. Likianguka likachubuka, vinakutana, na kuanzia hapo mafuta hukatwakatwa yakawa asidi. Ndiyo maana mawese ya machikichi yaliyolala chini muda mrefu hukwaruza koo. Aikande alitaka kujua kama michikichi yote ya ukanda ule wa ziwa ina protini hiyo kwa kiwango kimoja, au kama imo miti iliyojaliwa kidogo.

Gesti hakuna Mwamgongo, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji alimpeleka kwa Rozalia, mjane wa Kiha aliyekuwa na chumba kitupu tangu binti zake waolewe. Shamba la Rozalia lilianzia nyuma ya jiko na kuteremka hadi kwenye kijito kinachoingia ziwani, karibu lote michikichi mirefu iliyopandwa na wazee wa mumewe. Haukupita muda Aikande akaacha kuwa mgeni. Jioni alikaa mkekani jikoni akichambua dagaa, na Rozalia akimwita mwanangu, akimfundisha salamu ya Kiha ya asubuhi, "mwakeye," na kumcheka jinsi alivyoitamka.

Siku moja Rozalia alimsimulia habari ya mawese yake yaliyokataliwa.

"Niliyapeleka sokoni Kibirizi kwa boti, kwenye madumu ya kuazima niliyoyajaza mwenyewe. Mnunuzi akachovya kidole, akalamba, akatema mate. Mbele za watu, mwanangu. Akasema haya mpelekee wa sabuni."

"Machikichi yalikuwa yamekaa sana?"

"Yalikaa. Nilikuwa namuuguza mume wangu, ningeyakamua saa ngapi? Nilirudi na boti ileile, nimejifunika khanga mpaka usoni, mama mzima kama mwizi. Mume wangu alifariki mwezi uleule. Tangu hapo Kibirizi huwa namtuma mtu."

Aikande alimpa pole. Kisha akamweleza, kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake, juu ya ile protini: kwamba ina kijimfuko, na mafuta yakiingia humo hutoka vipande. Rozalia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi ukimpata mchikichi asiyekuwa na huo mfuko," alisema, "uniambie mimi wa kwanza."

Wakacheka wote wawili.

Sampuli zilisafiri kwenye deli la barafu, kwa boti hadi Kibirizi, kwa bodaboda hadi chumba alichopanga Gungu, Kigoma mjini, chenye friza, halafu Dar es Salaam. Huko maabara Aikande alisaga nyama ya kila tunda, akazitenganisha protini zake kwenye jeli kwa umeme, akazitia rangi ya buluu. Kila mti ulijitokeza kama safu ya mistari. Mstari aliokuwa akiutafuta ulikuwepo kwenye kila safu, mahali pengine mnene, mahali pengine mwembamba, isipokuwa safu moja. Hapo palikuwa peupe.

Alidhani amekosea. Alirudia na sampuli mpya kutoka kwenye friza, akabadilisha kila kitu kilichoweza kubadilishwa, na pakabaki peupe. Alitazama namba ya utepe. Ulikuwa mchikichi wa shamba la Rozalia, ule uliosimama peke yake kando ya kijito.

Alimpelekea picha msimamizi wake, Profesa Mudathir, mtu mtaratibu ambaye hakuwa na kawaida ya kumsifu mwanafunzi. Safari hii profesa alivua miwani.

"Hii ikithibitika ni jambo kubwa," alisema. "Mchikichi wa kienyeji usiochachisha mafuta yake. Hakikisha kwenye vinasaba. Soma jeni lote la hiyo protini, uone limeharibika wapi. Na usiwaambie watafiti wengine mpaka tuchapishe. Watu wana mikono mirefu."

Aikande aliitikia. Usiku ule hakupata usingizi kwa furaha. Aliwaza makala, aliwaza mkutano wa wanasayansi Nairobi, aliwaza jina lake likisomwa na watu asiowajua.

Msimu wa pili alirudi Mwamgongo akijua anachokifuata. Alipita kwenye mashamba mengine kwa kutimiza tu, lakini kila baada ya siku chache alimpandisha Hamdani kwenye ule wa kijitoni. Alichukua machikichi, majani machanga, hata vipande vya gome. Hamdani alilalamika. Ule mti ulikuwa mrefu sana, na shina lake lilikuwa limeota ukoga wa unyevu.

"Mwalimu, huyu atanivunja kiuno. Kwani wengine wameisha?"

"Mmoja wa mwisho, Hamdani. Nivumilie."

Rozalia alikuwa akiyaona yote hayo kutoka jikoni.

Katika siku hizo ndipo bwana shamba Japhet alipofika na habari ya miche ya kisasa. Ilikuwa inagawiwa bure mkoa mzima: michikichi mifupi, inayozaa mapema, yenye nyama nene na kokwa ndogo. Japhet alikuwa kijana mwaminifu aliyeijua kazi yake, na aliyoyasema yalikuwa kweli. Alitembea na Rozalia shambani, akamwonyesha namna kivuli cha miti mizee kingeinyima miche mwanga.

"Mama, hii imekwisha umri," alisema. "Mkwezi mwenyewe anaiogopa. Kata, upande upya. Baada ya miaka michache utavuna umesimama chini."

Jioni ile Rozalia alipika samaki aina ya mgebuka kwa mawese, akamwekea Aikande pande la mkia alilolipenda. Walikula. Kisha Rozalia akanawa mikono.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wa michikichi. Unanishauri nini, nikate?"

"Japhet anajua, mama. Miche ile ni mizuri."

"Mingine sina shida nayo. Nakuuliza huu wa kijitoni. Haukupandwa na mtu. Mume wangu aliukuta umeota, akaulinda na mbuzi kwa miiba. Nilitaka niuache. Na wewe naona hutoki pale. Una nini ule mti?"

Aikande alikuwa na jibu mdomoni. Miezi mizima alikuwa amelibeba. Lakini alikumbuka maneno ya profesa, akaona kesho asubuhi Rozalia akimwambia Hamdani, Hamdani akiwaambia wavuvi, habari ikifika Kigoma mjini kabla ya jioni, na mtu fulani kutoka chuo fulani akishuka botini na msumeno na mifuko yake. Na chini ya hofu hiyo palikuwa na kitu kingine ambacho hakukitazama vizuri: ile ilikuwa yake. Bado ilikuwa yake peke yake.

"Ni mti kama mingine, mama," alisema. "Ninaurudia kwa sababu namba zake hazikukaa sawa mara ya kwanza."

Rozalia alimtazama kidogo, akaanza kukusanya vyombo.

"Haya. Nilidhani."

Aikande alijiambia kwamba hakuna haraka. Watu wa kule husema watakata na miaka inapita. Angerudi na majibu kamili mkononi, amkalishe Rozalia chini, amweleze kila kitu kwa utulivu, na furaha ingekuwa kubwa zaidi kwa kuwa na uhakika. Aliondoka akiwa amejipa moyo hivyo.

Kazi ya vinasaba ilichukua muda. Mashine ya kusoma jeni iliharibika, ikasubiri kipuri kutoka nje. Mara mbili Rozalia alimpigia simu kumsalimu, na mara zote mbili Aikande alikuwa karibu kusema. Mara ya kwanza mtu aliingia maabara. Mara ya pili alijiambia simu si mahali pa habari kama hii.

"Mvua zimeanza huku," Rozalia alimwambia mara hiyo ya pili. "Japhet amesema miche inakuja wiki ijayo."

"Ooh, vizuri, mama."

Alipokata simu alibaki ameishika mkononi. Kisha akarudi kwenye sampuli zake.

Majibu yalipotoka yalikuwa safi kuliko alivyoota. Kwenye jeni la ile protini herufi moja ilikuwa imebadilika, karibu kabisa na mwanzo, ikawa kituo mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kituo. Protini ilianza kuundwa ikakatika. Na nakala zote mbili za jeni, ya upande wa mama na ya upande wa baba, zilikuwa na kasoro ileile, jambo ambalo mtu anaweza kupima maelfu ya miti asilikute. Profesa Mudathir alimpa mkono. Aikande alichukua ndege ya kwanza aliyoweza kwenda Kigoma, na kesho yake boti ya asubuhi kutoka Kibirizi, katikati ya magunia ya dagaa na akina mama waliotoka kuuza.

Aliuona upungufu kabla boti haijagusa mchanga. Mteremko uliokuwa nyuma ya nyumba ya Rozalia ulikuwa wazi. Alivua viatu akaruka majini, akapanda njia mbiobio, watu wakimsalimia naye akiitikia bila kusimama. Shambani palikuwa na visiki, na katikati ya visiki miche mifupi ya kijani iliyopandwa kwa mstari ulionyooka. Alipita katikati yake hadi kijitoni. Shina la ule mti lilikuwa limelala kuvuka maji, limekwisha kuwa daraja. Mtu alikuwa amelichonga juu ili pasiteleze.

Rozalia alimkuta pale.

"Umekuja bila taarifa, mwanangu. Kwema?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unalia?"

Aikande alimweleza wakiwa wamekaa juu ya lile shina, miguu ikining'inia juu ya maji. Alieleza kila kitu: ile nafasi nyeupe kwenye jeli, ile herufi moja, na kwamba aliyajua hayo, si yote lakini ya kutosha, tangu siku ile ya mgebuka.

"Uliniambia ni mti kama mingine," Rozalia alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuuliza. Sikukata kwa kujiamulia tu, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Wanawake wawili walipita njiani na ndoo kichwani, wakasalimia kwa Kiha, Rozalia akawajibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hebu niambie," alisema walipokwisha kupita. "Yale machikichi yake. Ningeyakamua peke yake, nisiyachanganye na mengine, yangekaa chini muda gani bila kuharibika?"

"Hata wiki nzima, mama. Zaidi. Mawese yangetoka mazuri."

"Wiki nzima." Rozalia aliguna. "Kwa hiyo mwaka ule, wakati namuuguza mume wangu. Mti wake huuhuu." Alisimama, akajipangusa khanga nyuma. "Twende ukale. Umetoka mbali."

Mchana ule Aikande alitafuta chochote kilicho hai. Mchikichi hauchipui kisikini. Ukikatwa umekufa. Kile kiini laini cha kileleni, ambacho maabara ingeweza kukikuza, Hamdani alikuwa amekitoa siku ileile ya kukata na watu wakakipika. Mikungu ya mwisho ilichanganywa na ya miti mingine, ikakamuliwa. Mise, zile kokwa za ndani ambazo ndizo mbegu, zilikwisha kupasuliwa na kuuzwa. Hamdani alimfuata huku na huko kwa unyonge, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Ungesema neno moja tu, mwalimu," alisema. "Hata kwa simu. Mimi ningeliruka lile shina."

Jioni Aikande alipanda juu kidogo ambako mtandao hushika, akampigia Profesa Mudathir.

"Mwenye shamba hakujua?" profesa aliuliza.

"Profesa, ulisema nisimwambie mtu."

"Nilisema watafiti, Aikande. Mwenye mti ni mtafiti?" Hakuwa amepandisha sauti. "Mimi nilidhani yule mama anajua tangu mwanzo. Nilidhani ndiye anayetulindia."

Aikande aliona giza linavyoingia ziwani na taa za mitumbwi ya dagaa zinavyoanza kuwaka mojamoja. Kwa miezi yote hiyo alikuwa ameliegemeza jambo hili kwenye amri ya mtu mwingine. Sasa aliirudia ile sentensi ya profesa kichwani, neno kwa neno, akakuta kwamba ndivyo ilivyokuwa. Neno "watafiti" lilikuwamo. Alikuwa amelisikia siku ileile.

Kitu kimoja kilipatikana. Kando ya kijito, chini ya pale mti uliposimama, palikuwa na miche iliyojiotea yenyewe kutokana na machikichi yaliyowahi kuanguka. Aikande aliing'oa kwa uangalifu, na kwa kuwa hakutaka kuficha tena chochote alimweleza Rozalia ukweli wake wote. Miche hii ni watoto wa ule mti, lakini chavua ya upande wa baba ilitoka kwa michikichi mingine, na baba akishaleta jeni zima, protini inarudi. Mafuta ya miche hii yatachacha kama ya wengine. Ile kasoro wamebeba nusu tu. Mpaka mmoja wao azae na nafsi yake, mbegu hizo zipandwe, na katika wajukuu hao labda mmoja kwa wanne awe kama bibi yake.

"Hiyo ni miaka mingapi?"

"Kumi, mama. Au zaidi kidogo."

"Mimi nina miaka sitini na nane," Rozalia alisema. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anapiga hesabu. Akaonyesha sehemu nyuma ya jiko ambako Japhet hakupanda. "Weka hapo. Pale nitaimwagilia maji ya vyombo."

Aikande alitetea tasnifu yake mwaka uliofuata. Mtahini mmoja, mwanamama aliyetoka mbali, alisifu sura ile ya jeni kuliko zote, kisha akauliza mti wenyewe sasa uko wapi.

"Ulikatwa," Aikande alijibu.

"Bahati mbaya sana," alisema mtahini, akafunua ukurasa.

Aikande alifungua mdomo kumrekebisha. Wajumbe wote walikuwa wameinamia karatasi zao. Alisema, "Ndiyo," na swali lililofuata likawa juu ya takwimu. Alifaulu. Watu walimpiga picha na maua, na jina lake likaonekana kwenye jarida alilolitamani. Alipolifungua aliutafuta mstari wa shukrani uliomtaja Rozalia, akausoma, akaona namna ulivyo mfupi.

Aliendelea kwenda Mwamgongo kila mwaka. Rozalia alimpokea vizuri, na hilo lilimuuma. Alikuwa akimtolea kiti barazani na kumwita daktari. Chakula kililetwa kimefunikwa kawa, na jikoni hakukaribishwa tena. Hakuna neno baya lililosemwa kati yao. Michikichi ya Japhet ilianza kuzaa kama alivyoahidi, mikungu minene ya kuvunwa kwa kusimama, na Rozalia alipata mawese mengi kuliko zamani, yenye kuchacha kama ya watu wote asipoyawahi.

Ya nyuma ya jiko ilichelewa. Mmoja ulipotoa maua ya kiume Aikande aliikusanya chavua yake, akaikausha, akaiweka kwenye friza Gungu kusubiri ua jike la mti huohuo. Lilitoka mwaka huu. Hamdani alipiga simu, na Aikande akaja na boti akiwa na mfuko wa kitambaa kigumu wa kulifunika ua ili chavua ya jirani isiingie.

Alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, akipuliza unga ule wa njano kupitia kitundu cha mfuko, Rozalia alipotoka jikoni kwa mkongojo. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alisimama karibu, akausikiliza mkono wa Aikande ukifanya kazi.

"Ndiyo hilo?"

"Ndilo, mama. Tukijaliwa, mbegu zitakomaa baada ya miezi sita hivi. Halafu tuzioteshe, zikue, zizae."

"Halafu ndiyo mjue."

"Majani yataniambia mapema, nitasoma vinasaba. Lakini kuonja mafuta yenyewe, ndiyo, mpaka zizae."

Rozalia alitikisa kichwa polepole. Akaita kuelekea nyumbani, na mjukuu wake Winfrida, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia kumtunza, akatoka akifuta mikono.

"Huyu ndiye atakayekuwa hapa," Rozalia alisema. "Mweleze kila kitu, daktari. Mweleze leo, mimi nikiwa nasikia."

Aikande aliufunga mfuko kwa kamba, akakaza fundo, akainuka na kujipangusa magoti. Kisha akaanza kueleza.